Wastani wangu 33, wao hawafiki 10: nani kakosea hesabu?

Swali. Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inatumia data za Utafiti wa Kohoti ya Milenia wa Uingereza, ule unaofuatilia watoto waliozaliwa kati ya mwaka 2000 na 2002. Kwenye mafaili kuna safu nyingi ambazo swali lake silioni popote kwenye dodoso: umri wa mimba kwa siku, mapato "yaliyosawazishwa", jumla ya matatizo ya tabia ya mtoto. Nikaamua kujumlisha mwenyewe majibu ya wazazi kuhusu tabia za watoto wa miaka 7. Wastani wangu ukatoka 33, wa kwao haufiki 10. Msimamizi wangu ananiambia nisitumie kitu ambacho sijui kimetoka wapi. Je, nitumie vigeu vyao, yaani hizo safu walizozitengeneza, au niunde vyangu?

Jibu. Marahaba. Nianze na hiyo 33, maana imenieleza karibu kila ulichofanya hata kabla sijaona faili lako la amri.

Dodoso ulilojumlisha ni la Robert Goodman, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto wa London, aliyelichapisha mwaka 1997. Lina sentensi 25 fupi juu ya mtoto, na mzazi anajibu si kweli, kweli kiasi au kweli kabisa. Sentensi hizo ziko katika mafungu matano, kila fungu sentensi tano: hisia, ukorofi, kutotulia, mahusiano na watoto wenzake, na wema kwa wengine. Kila jibu lina alama 0, 1 au 2, kwa hiyo kila fungu linaanzia 0 na kuishia 10. Jumla ya matatizo ni mafungu manne ya kwanza peke yake, 0 hadi 40. Wema haumo, na inaonekana uliliona hilo. Ungejumlisha zote 25 ungepita 40 kirahisi.

Tatizo la kwanza ni kwamba kwenye faili majibu hayakuandikwa 0, 1, 2. Yameandikwa 1, 2, 3, kwa mpangilio uliokuwa kwenye dodoso lenyewe. Umejumlisha sentensi 20 bila kupunguza moja kwenye kila jibu, basi umempa kila mtoto alama 20 za bure. 33 toa 20, tumebaki na 13.

La pili ni kwamba sentensi tano kati ya hizo 20 zinamsifu mtoto: ni mtiifu, ana rafiki wa kweli walau mmoja, anapendwa na wenzake, hufikiri kabla ya kutenda, humaliza alichokianza. Hapo "kweli kabisa" ni 0 na "si kweli" ni 2. Usipozigeuza, mtoto mtulivu kuliko wote darasani anabebeshwa alama 10 za matatizo asiyokuwa nayo, na yule anayehangaisha nyumba nzima anapunguziwa zake. Kwa kundi la watoto wa kawaida wastani hupanda kama alama tano hivi. 13 toa 5 ni 8. Umeshafika kwao.

Makosa haya mawili hayana uzito sawa. La kwanza linatisha kwa macho, lakini halina madhara makubwa: ukimwongezea kila mtoto 20, mpangilio wao haubadiliki, na uwiano kati ya kigeu chako na chao, yaani kipimo cha jinsi vinavyopanda na kushuka pamoja, ungetoka 1 kamili. Ndiyo maana siku zote nawaambia wanafunzi wasiridhike na uwiano mzuri wanapolinganisha vigeu viwili. Uwiano hauoni aliyeongezewa 20. La pili ndilo baya, kwa sababu linavuruga nani yuko juu ya nani, na linafanya hivyo kimyakimya.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Kigeu kilichoundwa ni safu ambayo hakuna mtu aliyeulizwa moja kwa moja. Imetengenezwa baadaye, mezani, kwa kuchukua majibu mawili, matatu au ishirini na kuyapitisha kwenye kanuni. Kina mama wa kwetu wanakifahamu kitu hiki vizuri kuliko wanavyodhani. Muuguzi akipima kilo, akaangalia miezi, akaweka nukta kwenye kadi ya kliniki na kusema mtoto yuko kwenye kijani, ameunda kigeu. Hakuna mzani wenye rangi ya kijani. Kijani ni uamuzi wa watu fulani, uliofanywa mahali fulani, juu ya watoto fulani.

Katika data unazotumia, herufi ya kwanza ya jina la kigeu inakuambia awamu: A ni miezi 9, B ni miaka 3, C ni miaka 5, D ni miaka 7, na kuendelea; G ni miaka 17. Vingi vilivyoundwa na watafiti vina D katika nafasi ya pili. ADBWGT00 ni uzito wa kuzaliwa kwa kilo, ADGEST00 ni umri wa mimba kwa siku.

Tuchukue hivyo viwili, kwa sababu vinaonekana vyepesi na havina wepesi wowote. Mama wa Kiingereza ukimuuliza mwanawe alizaliwa na uzito gani, mara nyingi atakujibu kwa pauni na aunsi, na wengine kwa kilo na gramu. Kabla ya mtu kupiga hesabu yoyote, majibu hayo lazima yaingie kwenye mizani moja. Pauni moja ina aunsi 16. Mtoto wa pauni 7 na aunsi 4 ana kilo 3.29. Mwanafunzi akiisoma kama pauni 7.4, anapata kilo 3.36, na hapo ameshamwongezea mtoto gramu kama 70 bila kumlisha. Gramu 70 ni tofauti ambayo watafiti wengine wangeiandikia makala. Hiyo ni sababu moja ya kupenda kigeu cha wenyewe: kuna mtu aliyelipwa kukaa na aunsi hizo wiki nzima ili wewe usikae nazo.

Hata baada ya hapo kuna uamuzi mwingine. Uzito pungufu ni chini ya gramu 2,500. Je, mtoto wa gramu 2,500 kamili yumo? Hayumo, maana tumesema chini ya. Ukiandika amri yako kwa alama ya "ndogo kuliko au sawa na", umemwingiza. Kwa data za Ulaya huenda usione tofauti kubwa. Ukirudi kwenye data za huku kwetu, ambako uzito mara nyingi unatokana na kumbukumbu ya mama au mzani unaosomwa kwa kukadiria, watoto hurundikana kwenye kilo 2.5, 3 na 3.5 kamili. Hapo alama hiyo moja inaweza kuhamisha kundi zima la watoto kutoka upande mmoja wa jedwali hadi mwingine.

Umri wa mimba ni hesabu ya aina nyingine. Hakuna aliyemwuliza mama mimba yake ilikaa siku ngapi. Aliulizwa alitarajiwa kujifungua lini, na tarehe ya kuzaliwa inajulikana. Mimba ya kawaida huhesabiwa siku 280, kwa hiyo unachukua 280 na kupunguza siku alizowahi au kuongeza alizochelewa. Njiti ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, yaani kabla ya siku 259. Ona hapo kwamba kigeu chote kimeegemea tarehe moja aliyoikumbuka mama miezi tisa baada ya kujifungua. Kimeandikwa kwa siku, kwa hiyo kinaonekana sahihi sana. Usahihi wa tarakimu usikudanganye.

Kwenye urefu na unene kanuni nayo ina uraia. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vya watoto hadi miaka 5, vilitokana na watoto wapatao 8,500 wa miji sita: Pelotas Brazil, Accra Ghana, Delhi India, Oslo Norwe, Davis Marekani, na Muscat Oman. Ndiyo, Muscat. Huenda wapo watoto waliopimwa pale ambao bibi zao wanazungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Watoto hao walichaguliwa kwa masharti: mama havuti sigara, mtoto ananyonya, hali ya nyumbani haizuii kukua. Kwa hiyo viwango hivyo vinasema mtoto anavyopaswa kukua akipata haki yake. Viwango vya Uingereza vya 1990 vinaeleza watoto wa Uingereza walivyokuwa. Na mipaka ya kimataifa iliyochapishwa na Tim Cole na wenzake mwaka 2000 inaanzia kwa mtu mzima: inachukua mipaka ya BMI (kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu kwa mita) ya 25 na 30 katika umri wa miaka 18 na kuishusha hadi utotoni. Mtoto yuleyule, kilo zilezile, anaweza kuwa mnene kupita kiasi kwa kanuni moja na asiwe hivyo kwa nyingine. Ukiandika kwenye tasnifu "asilimia fulani ya watoto ni wanene" bila kutaja kanuni, hujasema kitu.

Mapato ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu watu hugombana bure. Kaya ya watu wanne haihitaji mara nne ya kaya ya mtu mmoja. Jiko ni lile lile, paa ni lile lile. Kanuni inayotumika zaidi Ulaya inampa mtu mzima wa kwanza 1, kila mtu mwingine wa miaka 14 na kuendelea 0.5, na kila mtoto chini ya miaka 14 anapata 0.3. Baba, mama na watoto wawili wadogo ni 2.1. Kaya hiyo ikipata pauni 420 za fedha kwa wiki, mapato yaliyosawazishwa ni 200. Lakini serikali ya Uingereza hupenda kuanzia kwa wanandoa, si kwa mtu mmoja: mtu mzima wa kwanza 0.67, wa pili 0.33, mtoto 0.20. Kaya ileile sasa ni 1.4, na 420 inakuwa 300. Nani kadanganya? Hakuna. Namba zote zimepanda kwa kiasi kilekile, mara 1.5 hivi, na mstari wa umaskini, ambao ni asilimia 60 ya mapato ya kaya iliyo katikati kabisa, nao umepanda pamoja nazo. Aliyekuwa maskini bado ni maskini. Utaumia tu ukichukua mapato kwa kanuni moja na mstari wa umaskini kwa kanuni nyingine, na hilo nimeliona likitokea.

Kisha kuna waliotaja fungu la mapato tu, yaani kati ya kiasi hiki na kile, au waliokataa kusema kabisa. Watafiti wa Milenia walikadiria mapato ya kaya kwa njia ya kitakwimu, kwa kuangalia kazi, elimu, makazi na mengineyo. Kwa maneno mengine, sehemu ya safu hiyo ni makisio. Kumbuka jambo hilo unapotaka kutumia elimu ya mama na mapato pamoja kwenye modeli moja: kwa baadhi ya kaya, mapato tayari yana elimu ya mama ndani yake.

Huku Afrika hatuanzi na mishahara mara nyingi. Utafiti wa Soweto na Johannesburg ulioandikisha watoto 3,273 waliozaliwa ndani ya wiki chache za mwaka 1990, mwaka ambao Mandela alitoka gerezani, ulitazama zaidi vitu vya nyumbani kama jokofu, televisheni na gari. Hilo ni jambo la busara mahali ambapo kipato cha mwezi huu si cha mwezi ujao. Ila kiwango cha namna hiyo kinampanga mtu dhidi ya majirani zake wa utafiti huohuo tu. Usikisafirishe.

Nirudi kwako, kwenye data zilizokosekana, maana hapo ndipo naona wanafunzi wengi wanazama. Katika mafaili haya -1 ni swali lisilomhusu, -8 ni sijui, -9 ni kukataa kujibu. Kompyuta haijui hayo. Kwake -9 ni namba kama nyingine. Mama mmoja akiruka sentensi moja, mwanawe anapungukiwa alama 9 na kuonekana malaika. Angalia pia kama awamu yako ina namba ya jibu la "siwezi kusema".

Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii, nilikokotoa wastani wa miezi ya kunyonyesha kwenye data ambazo 94 ilimaanisha hakunyonya kabisa na 95 ilimaanisha bado ananyonya. Sikusoma maelezo. Wastani ukatoka zaidi ya miezi 40, nikaupeleka kikaoni kwa kujiamini. Muuguzi mmoja akauliza kwa upole kama watoto hao hubebwa na mama zao hadi chekechea wakanyonyee huko. Sijawahi kurudia kosa hilo.

Ukishaziweka hizo hasi kando, swali linalofuata ni ufanye nini na mtoto ambaye mama yake amejibu sentensi nne kati ya tano za fungu. Ukimwondoa, utapoteza watoto, na si watoto wa kubahatisha: wanaoruka maswali mara nyingi ni wazazi waliochoka, wenye watoto wengi, au ambao Kiingereza si lugha yao ya nyumbani. Kanuni ya dodoso hili ni kwamba zikijibiwa sentensi tatu au zaidi katika fungu, unachukua wastani wa zilizojibiwa, unazidisha kwa tano na kukaribisha kwenye namba kamili. Zikiwa mbili tu, fungu linaachwa wazi. Unaweza kukataa kanuni hiyo, lakini sema umeikataa kwa sababu gani.

Kwa hiyo, vyao au vyako? Unda chako kwanza. Kigeu kimoja tu, hiki cha tabia, kuanzia majibu ghafi hadi jumla. Kisha toa chako kwenye chao, mtoto mmoja mmoja, uone ni wangapi wana tofauti ya 0. Wenye tofauti wasome kwa macho, mstari kwa mstari. Karibu wote watakuwa watu wa majibu pungufu, na hapo utajua kanuni yao hata kabla ya kufungua mwongozo. Baada ya hapo tumia chao, ili mwingine mwenye data hizohizo aweze kukufuata.

Kuna hali ambapo ningeunda changu na kubaki nacho. Kama tasnifu yako ni juu ya umakini darasani, jumla ya matatizo haikufai, kwa sababu kutotulia kumo ndani yake; utakuwa unatafuta kitu kwa kutumia kitu hichohicho. Chukua fungu lake peke yake, au rudi kwenye sentensi zenyewe. Na kama unataka kuhusisha huzuni ya mama na tabia ya mtoto, tazama nani aliyejibu. Kipimo cha Kessler cha huzuni na wasiwasi, chenye maswali sita, 0 hadi 24, mama anajijibia yeye. Dodoso la tabia anamjibia mtoto, yeye huyohuyo. Mama aliyekata tamaa anaweza kumwona mwanawe mkorofi kuliko anavyoonwa na mwalimu wake. Ukiweza kupata majibu ya mwalimu kwa umri huo, yaweke pembeni ya ya mama kabla hujaandika sentensi yoyote yenye neno "husababisha".

Jambo moja la mwisho ambalo hukuuliza, ila najua litakusumbua wiki ijayo. Familia 18,552 za awamu ya kwanza zilitoka kata 398, na kata za watu maskini, pamoja na kata za England zenye wakazi wengi wa jamii za wachache, zilichukuliwa kwa wingi kuliko sehemu yao halisi. Makusudi kabisa, ili watoto hao wasipotee kwenye takwimu. Kwa sababu hiyo wastani usio na uzani wa sampuli, yaani namba inayorudisha kila kundi kwenye sehemu yake halisi, si wastani wa watoto wa nchi hiyo. Uzani nao ni kigeu kilichoundwa, na hicho usijaribu kukiunda mwenyewe. Kiweke kwenye amri zako pamoja na PTTYPE2 inayoonyesha tabaka la sampuli (aina ya kata) na SPTN00 inayoonyesha kata. Angalia pia mapacha: namba ya familia wanaigawana, kwa hiyo unganisha mafaili kwa namba ya familia na namba ya mtoto pamoja. Bila hivyo Kulwa atapewa kilo za Doto, na jedwali lako la tofauti litaonyesha makosa ambayo hayatokani na kanuni yoyote.